Jedwali Langu la Makabila

Wanangu mnaosomea uuguzi, na ninyi mliokwisha kuvaa sare mkajiona mmefika, nina goti bovu. Ndiyo sababu mwezi uliopita mimi, niliyekaa miaka thelathini na kitu upande wa mwenye sindano, nilijikuta upande wa wanaosubiri kuitwa. Nilitoka nyumbani Sokon One nikichechemea, nikafika hospitali moja hapa mjini, nikapangiwa kijana wa kunichukulia maelezo. Kijana nadhifu, viatu vinang'aa, shikamoo yake imenyooka. Akaniuliza jina. Nikamwambia Mushi. Akatabasamu, akaandika kitu.

"Umeandika nini, baba?"

"Ya kawaida tu, mama."

Nikavaa miwani. Kwenye nafasi ya pombe alikuwa ameandika: anatumia, mbege.

Mimi ni mzee wa kanisa. Kinywaji kikali kuliko vyote nilivyowahi kunywa ni soda ya tangawizi, na hiyo nayo ilinitoa machozi.

"Nani amekwambia nakunywa mbege?"

"Mama, si wewe ni Mchaga? Tulifundishwa chuoni kuheshimu mila za mgonjwa." Akatoa simu kunithibitishia. Ilikuwa picha ya karatasi iliyopigwa fotokopi ya fotokopi mpaka herufi zimeota ndevu. Juu kulikuwa na kichwa cha habari kilichoandikwa kwa mkono, na mwandiko ule niliujua. Ulikuwa wangu.

Basi nimeamua kusema mwenyewe, kabla hamjasikia kwa wengine. Karatasi ile niliitengeneza mimi. Kitu pekee ambacho sikukiandika ni mstari wa Wachaga. Huo ameuongeza mtu mwingine, na kwa kweli amenikomesha.

Nilikuwa mwalimu katika chuo kimoja cha uuguzi pembeni mwa mji, mahali ambapo asubuhi Mlima Meru unaonekana dirishani mpaka mawingu yaufunike. Mtaala ulipobadilishwa, tukaletewa mada ya utofauti wa tamaduni. Hakuna mwalimu aliyeitaka. Kila mmoja alikuwa na mifupa yake na mishipa yake ya kufundisha, vitu vilivyokaa mahali pamoja tangu Adamu. Nikabebeshwa mimi, kwa sababu siku ya kikao nilikuwa nimechelewa.

Nilikaa siku mbili na rula. Kushuka chini nikapanga watu: Mmasai, Mmeru, Mwarusha, Msomali, Mhindi, Mwislamu, Mzungu. Kwenda pembeni nikapanga mambo: salamu, chakula, maumivu, damu, kifo. Kila kisanduku nikakijaza kwa maneno matatu au manne. Mnauliza niliyatoa wapi? Kwa majirani, kwa watu niliokaa nao meza moja kwenye sherehe za kipaimara, na sehemu kubwa kutoka kwenye kiburi changu, ambacho hakijawahi kupungukiwa. Nikaliita Jedwali. Wanafunzi wakalipenda kuliko somo lolote, maana lilikuwa linakaririka.

Mmoja tu hakulipenda. Aliitwa Zuhura, binti wa fundi cherehani wa Ngarenaro, mwembamba, mwenye sauti ndogo na maswali makubwa. Siku ya kwanza akanyoosha mkono.

"Madamu, Mwislamu ni kabila la wapi?"

Darasa likacheka.

"Nauliza kwa sababu baba yangu asili yake ni Tanga na mama yangu ni Mmeru wa Poli. Mimi nikilazwa, mtanisoma mstari upi?"

Nikamjibu kama wanavyojibu walimu wasio na jibu. Nilimwambia tutafika huko. Mwanafunzi mwingine, Godlisten, kijana wa Marangu, akauliza mbona Wachaga hawamo. Nikasema, bila hata kufikiri, kwamba Wachaga ni watu wa kawaida. Wakacheka tena. Nilidhani tunacheka pamoja.

Huyu Godlisten alikuwa mwanafunzi wa ndoto ya kila mwalimu mvivu. Ukimpa karatasi, anaimeza. Kwenye kisanduku cha Mwislamu nilikuwa nimeandika wasihudumiwe kwa mkono wa kushoto. Sasa Godlisten ni mtu wa kushoto tangu kuzaliwa. Siku moja akapewa mzee mmoja wa Kiislamu amdunge sindano. Kijana akabadilisha mkono ili aheshimu mila. Akamdunga mara ya kwanza, akakosa. Ya pili, akakosa. Alipoinua mkono mara ya tatu, mzee akamshika kwa upole.

"Mwanangu, wewe mkono wako ni upi?"

"Wa kushoto, mzee."

"Basi utumie huo. Mungu anaujua. Huu mwingine utaniua."

Nilicheka sana nilipohadithiwa. Ndiyo dalili ya kwanza niliyoipuuza.

Lakini niseme ukweli, nilikuwa nimeonywa miaka mingi kabla ya hapo. Nilipoanza kazi, wodini kulikuwa na mhudumu aitwaye Mama Kaaya, Mmeru wa kule juu karibu na msitu. Kazi yake kwenye makaratasi ilikuwa kudeki na kugawa uji. Kazi yake halisi ilikuwa kutufundisha sisi wenye vyeti. Tulikuwa na mzee aliyekataa chakula siku tatu. Nikamwandikia daktari maelezo marefu, kwamba huenda mzee ana mwiko wa kula chakula kilichopikwa na wageni. Mama Kaaya akaegemeza ufagio ukutani, akamwinamia mzee akamuuliza kitu, kisha akavuta droo ya kabati la kitandani. Meno ya mzee yalikuwa humo, yamefungwa kwenye leso. Mzee aliona haya kumwomba binti mdogo kama mimi ampatie.

"Sista," Mama Kaaya akaniambia, "kabla hujatafuta mwiko, tafuta meno."

Ningeyaandika maneno yale kwenye kila kisanduku, leo nisingekuwa na habari ya kuwasimulia.

Sasa nisikilizeni vizuri.

Mchana mmoja nilikuwa wodi ya wazazi na wanafunzi kumi na wawili. Kitanda cha sita alikuwa amelala mama kijana, jina lake Nashipai, aliyejifungua kwa upasuaji asubuhi ya siku ile. Mtoto mzima, wa kike. Ndugu wa mume walikuwa wamejaa kwenye korido na mashuka yao mekundu na shanga, wakiongozwa na mama mkwe wake. Mimi nilifurahi kama mtu aliyeletewa mfano hai mpaka mlangoni. Nikawapanga wanafunzi kuzunguka kitanda.

Godlisten ndiye aliyekuwa amempima. Nikaichukua karatasi yake. Maumivu, katika kipimo cha sifuri mpaka kumi: sifuri.

"Umeongea naye?"

"Nimeongea naye, Madamu."

"Vizuri sana. Mnaona? Jedwali linasemaje, kisanduku cha maumivu?"

Wakaitikia kama kwaya: "Mmasai halalamiki, ni mvumilivu."

Nikamwinamia mgonjwa, nikatoa neno langu moja la Kimaa, salamu ya wanawake. "Takwenya!"

"Iko," akajibu kwa sauti ndogo. Kisha akafumbua mdomo kama anayetaka kuendelea. Mimi nikampapasa mkono. "Pumzika, mama, pumzika." Nikawageukia wanafunzi. "Utulivu ule. Mngekuwa ninyi mngekuwa mmeangusha paa."

Zuhura alikuwa upande wa pili wa kitanda, ameshika mkono wa mgonjwa.

"Madamu, mkono wake ni wa baridi."

"Feni inazunguka."

"Nimehesabu mapigo mara mbili, yanakimbia. Na huu mkono mwingine, tazama, ameshika chuma cha kitanda mpaka vidole vimekuwa vyeupe."

Hapo ilinipasa kunyamaza na kuhesabu mapigo mwenyewe. Dakika moja tu. Badala yake niliona kwamba binti wa fundi cherehani ananikosoa mbele ya watu, siku ambayo somo langu linakwenda vizuri.

"Zuhura, wewe umekulia Ngarenaro. Mila hizi huzijui. Mwanamke wa Kimasai akizaa porini hatoi hata sauti. Usimpe mgonjwa maumivu ambayo hana. Nyamaza, ujifunze."

Wengine waliandika maneno hayo kwenye madaftari. Nilimwona Godlisten akiyapigia mstari.

Zuhura alinitazama. Akaulaza mkono wa mgonjwa juu ya shuka taratibu, akatoka wodini bila ruhusa. Nikasema kwa sauti kwamba huyo nitampeleka kwa mkuu wa chuo. Nilikuwa bado naisema adhabu yake aliporudi na daktari nyuma yake, daktari akitembea kwa hatua za mtu asiyetaka kuonekana anakimbia.

Daktari hakuniamkia. Alivuta chini kope ya mgonjwa, akatazama. Akaweka kiganja kwenye tumbo. Akapima presha mwenyewe. Kisha akasema maneno mawili tu: "Arudishwe ndani." Tumbo la Nashipai lilikuwa linajaa damu kimyakimya, na mimi nilikuwa nimesimama hapo nausifia ukimya.

Nilikaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Sijui muda gani. Wakatangaza damu inahitajika. Kwenye Jedwali, kisanduku cha damu, mstari wa Mmasai, nilikuwa nimeandika kwamba ndugu hawatakubali kutoa. Mama mkwe alisimama, akasema sentensi moja kwa Kimaa, na vijana watano wakasimama nao, wakaanza kukunja mashuka mabegani wakiuliza ni mlango upi. Halafu yule mama akaja akaketi karibu yangu. Aliyaona machozi yangu, akadhani namlilia mkwewe. Akafungua chupa yake ya chai ya maziwa, akanimiminia. Akanipa pole. Mimi ndiye nilipewa pole, wanangu. Kikombe kile sikuweza kukinywa, na sikuweza kukirudisha.

Nashipai alipona. Waliupata mshipa uliokuwa unavuja, wakaufunga. Daktari alitoka akaniambia, bila kunitazama, kwamba tungechelewa nusu saa tungekuwa tunazungumza mambo mengine.

Kesho yake asubuhi mkuu wa chuo aliniita. Ilitakiwa taarifa ya tukio. Mkuu alikuwa mtu wa suti na tahadhari. Wiki iliyofuata kulikuwa na wageni kutoka nje waliokuwa wanakuja mahsusi kuliona Jedwali langu. Alikuwa amekwisha kulichapisha kwa ukubwa wa mlango, likawekewa plastiki na kutundikwa karibu na maabara.

"Madamu Mushi, hii tuiandike kwa busara," akasema. "Andika hivi: mgonjwa hakueleza maumivu kwa sababu za kimila."

Sentensi nzuri ile. Imekaa vizuri, haina mkosaji, isipokuwa mababu zake Nashipai ambao hawawezi kuitwa kwenye kikao. Nikaiandika. Nawaambieni ili msije mkadhani aibu ya jana yake ilitosha kunibadilisha. Aibu ni kama dripu, inaingia tone kwa tone.

Ilibaki kujaza umri na kazi ya mgonjwa. Nikashuka wodini na karatasi yangu. Nashipai alikuwa ameegeshwa kwenye mito, mtoto kifuani. Nikaanza, "Takwenya..."

"Shikamoo, mwalimu," akasema. "Kiswahili kinatosha. Ndicho ninachofundisha, darasa la sita, huko Olasiti. Nilikwenda kwa mama mkwe kupumzika likizo ya uzazi."

Nilitafuta kiti.

"Kwa hiyo... jana ungeweza kusema."

"Nilisema." Hakupandisha sauti, alikuwa bado hana nguvu za kupandisha sauti. "Yule kijana aliponipima nilimwambia, kaka, tumbo linavuta vibaya, si maumivu ya kidonda haya. Akaniambia, 'Pole mama, ninyi ni mashujaa.' Nikamwambia mara ya pili. Akaandika kitu, nikadhani ameandika nilichosema. Halafu ukaja wewe. Nikafumbua mdomo, ukanipapasa."

Nilikuwa na maneno mengi miaka yote ile ya kufundisha. Siku ile nilikuwa na moja.

"Nisamehe."

"Nimekusikia." Akamweka mtoto vizuri. "Hiyo karatasi ndiyo inayonihusu?"

Nikampa. Alisoma kama wanavyosoma walimu wa shule ya msingi, kalamu ikiwa tayari akilini. Akaniomba kalamu yenyewe. Akakata neno moja tu, *hakueleza*, juu yake akaandika *alieleza*. Akanirudishia.

"Na hizi sababu za kimila?" nikauliza. "Nizifute?"

"Ziache. Ila utaje ni mila za nani. Yule kijana alinisikia kwa masikio yote mawili. Hiyo mila ya kusikia na kuandika kitu kingine si ya kwetu."

Mama Kaaya alikuwa anafagia chini ya kitanda cha saba, keshabakiza mwaka mmoja astaafu. Aliupeleka ufagio wake mbele kidogo, akaurudisha, na mgongo wake ulikuwa unacheka.

Niliandika taarifa upya. Niliweka kwamba mgonjwa alieleza mara mbili, kwamba mwanafunzi alifuata karatasi ya mwalimu, na kwamba mwalimu ni mimi. Nikaweka pia jina la mwanafunzi aliyekwenda kumwita daktari baada ya kuamriwa anyamaze. Godlisten nilimwita peke yake. Nilitaka alie, nafsi yangu ipate mwenzake. Hakulia. Alisema, "Madamu, nilimsikia. Ila nilidhani Jedwali linajua zaidi." Sasa hivi ni muuguzi mzuri, wa mkono wa kushoto, na nasikia ana tabia ya kurudia kila anachoambiwa na mgonjwa mpaka wagonjwa wanachoka naye. Achoshe tu.

Mkuu wa chuo alisoma taarifa akawa mwekundu kadiri inavyowezekana kwa mtu mweusi. Aliniondoa kwenye mada ya tamaduni siku hiyo hiyo. Niliomba jambo moja, ruhusa ya kulishusha Jedwali ukutani mwenyewe, na nililishusha kabla hajajibu. Wageni walipofika walionyeshwa ukuta wenye alama nne za gundi. Wakapiga picha mlima.

Nilidhani nimeshusha kila kitu. Kumbe kila mwanafunzi alikuwa nalo kwenye simu, na wanaokuja wanarithishwa, na kila anayerithi anaongeza mstari. Kwa hiyo ukilikuta, lifute. Na usiniulize nikupe lililo sahihi. Wapo watu wanaotaka mwanamke awahudumie, wapo wanaotaka kusali kabla ya sindano, wapo wasiokula hiki na kile, na utawajua kwa kuwauliza. Usimuulize mgonjwa "unaumwa?", maana wengi watakujibu "kidogo" kwa adabu tu. Mwambie ageuke, umtazame uso akigeuka. Tazama vidole vya miguu. Shika mkono, usiupapase. Na mkalimani asiitwe kabla hujajaribu Kiswahili, mtakuja kuwatafsiria maprofesa.

Zuhura nilimwita ofisini. Nilikuwa nimejiandaa. Nilifunga mlango, nikamwomba radhi kwa utaratibu, kwa maneno mazuri, nikamwambia ameokoa maisha ya mtu na maisha ya mtu mwingine pia, yaani mimi. Nilitegemea atalainika. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ameiweka magotini.

"Ahsante, Madamu. Lakini siku ile uliniambia ninyamaze mbele ya watu kumi na mmoja na mgonjwa. Leo unaniomba radhi tukiwa wawili, mlango umefungwa."

Nikamwambia anaweza kwenda. Nilikasirika, sitawaficha. Nilikaa pale nikamtukana kimoyomoyo kwa muda mzuri tu, nikamtafutia hata kisanduku: watoto wa mjini, hawana heshima. Nilipojisikia nalijaza Jedwali lingine kichwani, nikanyanyuka.

Nilikuwa nimebakishiwa kipindi cha kufunga vidonda. Niliingia darasani, wakasimama, nikawakalisha. Nikasema niliyoyafanya, moja moja, bila kupamba. Nikataja jina la Nashipai na kazi yake. Nikasema: "Zuhura aliona, mimi sikuona. Alisema, nikamnyamazisha kwa sababu nilikuwa mkubwa, si kwa sababu nilikuwa najua. Zuhura, nisamehe." Mtu wa nyuma akafunika kalamu.

Zuhura alisimama. Hakutabasamu. Alinipima kwa macho kama alivyompima yule mgonjwa, bila haraka.

"Nimekusamehe, Madamu," akasema, akaketi. Akavuta trei ya vifaa mbele yake. "Leo tunaanza na kidonda kisafi au chenye usaha?"

Kanuni, kama mnavyojua, ni kuanza na kisafi. Siku ile nilimwambia tuanze na chenye usaha.